Uzi wa nyuzi 45: Kustaafia Phoenix, Arizona, kwa wanaotaka kuikimbia theluji

Babu_Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila theluji ikianza kushuka Minnesota na Massachusetts, meseji zinanijaa: "Babu, wewe si uko Arizona? Mtaa gani mzuri? Nyumba zinakwendaje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa kidole kimoja. Nayamwaga yote hapa, mwenye swali aulize chini.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani. Mungu ana utani wake: mtoto wa Ngamiani kaja kuzeekea jangwani, na ngamia mwenyewe hajamwona. Nimepiga kazi Minneapolis miaka 19, zamu ya usiku, nyumba ya kulelea wazee. Magoti yalipoanza kugoma kwenye barafu, mimi na bibi yenu tukafunga mizigo mwaka 2015. Sijutii. Ila ningepata mtu wa kuniambia haya mapema, kuna pesa na kuna afya ambavyo visingepotea.

Kubwa kuliko yote: usije kutazama nyumba Januari. Januari huku mchana ni nyuzi 20 hivi (nahesabu kwa sentigredi), anga haina doa, michungwa imeinama kwa matunda, wazee wenzako wanapita na kaptula. Dalali anajua kabisa kwamba umetoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari juzi. Utasaini karatasi siku hiyohiyo. Njoo wiki ya pili ya Julai, upange chumba wiki mbili, upike, uendeshe gari, uende dukani, ulale. Ukimaliza hizo mbili ndiyo tuongee habari ya nyumba.

Julai yetu ya kwanza, niliamka alfajiri kutawadha. Nikafungua bomba la baridi, mkono ukaruka wenyewe. Mabomba yanapita kwenye ardhi iliyookwa miezi miwili, kwa hiyo maji ya "baridi" yanatoka ya moto na hayapoi hata uyaache yatiririke. Tangu hapo kiangazi chote tunajaza ndoo usiku na kuiacha ndani ipoe, utadhani tuko Tanga na maji yamekatika.

Joto lenyewe ni hivi. Rekodi ya Phoenix ni nyuzi 50, Juni 1990. Hiyo ni siku moja, ilikuja ikapita. Kinachochosha ni mfululizo. Mwaka 2023 tulikaa siku 31, moja baada ya nyingine, mchana haujashuka chini ya nyuzi 43. Mwaka 2024 siku 113 mfululizo zilifika nyuzi 38 au zaidi. Na usiku haukusaidii, maana saruji na lami ya mji mzima inatema joto ililolimeza mchana. Ile 2023 tulipitisha zaidi ya wiki mbili, usiku wake wa baridi kabisa ukiwa juu ya nyuzi 32. Hata ile midungusi mikubwa ya jangwani yenye mikono, saguaro, iliyozaliwa humuhumu, mingine ilianguka yenyewe.

Mwaka huo kaunti yetu, Maricopa, ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto. Wengi yaliwakuta nje, na karibu nusu hawakuwa na makazi. Lakini waliofia ndani ya nyumba, mara nyingi AC ilikuwapo ukutani, ila haifanyi kazi. Hilo ndilo la kumkaa mstaafu kichwani.

Mwenzenu yalinikuta. Jumamosi jioni ya Agosti, AC inanguruma nje lakini ndani inapuliza hewa ya uvuguvugu. Saa mbili usiku ndani ni nyuzi 34. Bibi yenu ana presha. Fundi wa kwanza kasema Jumatatu. Jirani yangu, mzee wa Kimeksiko, akaja na tochi, akafungua kile kisanduku cha nje akanionyesha kidude kama kopo la maziwa, kimevimba kichwani. Kapasita. Joto linaziua kama inzi. Fundi wa pili akaja saa tano usiku, dakika kumi kazi imekwisha, dola 280. Sasa ninayo ya akiba kabatini na ninalala vizuri. (Msijibadilishie wenyewe, kile kitu kinatunza umeme hata ukizima.) Ukinunua nyumba, kabla ya kuuliza jiko limepakwa rangi gani, uliza AC ina umri gani. Na weka pembeni fungu la umeme: Julai yangu ya mwisho ilikuwa dola 410. APS, kampuni kubwa ya umeme, haikukatii kwa deni kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 15 (nyingine zina utaratibu wao, uliza). Deni lenyewe linakusubiri palepale.

La pili watu weusi tulijue kuliko wengine. Kuna ugonjwa huku wanauita homa ya bonde. Msichanganye na Homa ya Bonde la Ufa ya kwetu ya mifugo na mbu, hii ni nyingine kabisa. Ni kuvu wanaoishi kwenye udongo wa jangwa. Upepo au greda likichimbua, unavuta vumbi, wanaingia kifuani. Hauambukizi mtu kwa mtu. Sehemu kubwa ya wagonjwa wote wa Marekani ni wa Arizona. Wengi hawajui hata kama wameupata, wengine wanakohoa wiki kadhaa unaisha. Lakini kwa mtu mweusi, Mfilipino, mwenye kisukari au kinga iliyoshuka, uwezekano wa kutoka mapafuni na kwenda kwenye mifupa au ubongo ni mkubwa zaidi.

Mimi nilikohoa wiki saba. Zahanati ya kwanza (siitaji) wakanipa dawa ya nimonia. Nikarudi, wakanipa nyingine. Mara ya tatu daktari kijana akaona doa kwenye picha ya kifua, akasoma kwenye fomu nimezaliwa Tanzania, akanitenga chumbani akiwaza kifua kikuu. Nikakaa na barakoa siku nzima. Nesi mmoja wa hapahapa ndiye aliyeuliza, "Mmempima homa ya bonde?" Kipimo cha damu tu. Nikatumia flukonazo, dawa ya kuua kuvu, miezi sita. Kwa hiyo ukikohoa huku zaidi ya wiki mbili, ukitokwa jasho usiku na uchovu usioisha, kitaje wewe mwenyewe kipimo hicho. Usingoje wakumbuke.

Hela niseme haraka maana wengi mnazijua. Kodi ya mapato ya jimbo ni asilimia 2.5 kwa kila mtu tangu 2023, na pensheni ya Social Security jimbo haliigusi. Nilipotoka, kodi inapanda mpaka asilimia 9.85 kwa wenye kipato cha juu. Hapo Arizona inashinda, haina mjadala.

Karibuni.

---

MamaKijenge

Kaka shikamoo, na asante kwa uzi. Mimi na mzee wangu tuko St. Paul, yeye 66 mimi 61, manesi wote wawili. Januari hii tulikuja huko (ndiyo, Januari 😅) tukapenda nyumba Sun City. Bei nzuri, bwawa la kuogelea, wazee wanaendesha vigari vya gofu barabarani. Tunalea mjukuu wa miaka 6, mama yake anasoma. Unatushaurije?

---

Babu_Ngamiani

Marahaba dada yangu. Dalali alikuuliza habari ya mjukuu? Maana hapo ndipo penye mfupa.

Sun City ilifunguliwa Januari 1, 1960 na mjenzi anaitwa Del Webb (nao walichagua Januari, unaona). Ulikuwa mtaa mpya wa wastaafu watupu. Mpaka leo kila nyumba lazima iwe na angalau mtu mmoja wa miaka 55 na kuendelea, na watoto hawaishi pale. Wanakuja kutembea kwa siku zilizowekwa, kisha wanarudi kwao. Sheria ya shirikisho inaruhusu hivyo kwa mitaa ya wazee. Usidhani utamficha, majirani wanahesabu.

Sisi wenyewe tulipanga pale miezi minane. Pasafi, kimya, kila mtu anakupungia mkono. Lakini bibi yenu alikaa wiki ya tatu akaniuliza, "Hapa hakuna mtoto hata mmoja wa kutumwa chumvi?" Kwa Mzungu utulivu ule ni zawadi ya kustaafu. Kwa mwanamke wa Pangani aliyelea watu tisa ilikuwa kama nyumba yenye msiba. Tukahamia Glendale, mtaa wa kawaida wenye kelele, na nguvu zikamrudia.

Kwa hiyo kama mjukuu anabaki na nyie, tafuteni nyumba isiyo ya 55. Halafu soma kanuni za chama cha wenye nyumba cha mtaa wowote kabla hujasaini. Kuna mitaa huruhusiwi kuanika nguo nje. Jua lote hili, halafu unakausha nguo kwa mashine!

---

Nesi_wa_Mvita

Nathibitisha kama mtu wa ndani. Mimi ni wa Mombasa, nafanya wodi ya majeraha ya moto hapa Phoenix. Babu kasahau lami. Siku ya nyuzi 43 lami inaweza kupita nyuzi 70. Kila kiangazi tunapokea watu ambao hawakuungua kwa moto wala maji, walianguka tu. Mzee anajikwaa kwenye maegesho, nyonga inagoma, hawezi kuinuka, dakika chache ngozi imeshaiva. Wenye kisukari ambao miguu imekufa ganzi wanatoka na soksi tu kuchukua barua, hawasikii kitu mpaka waone soksi inashikamana na nyama.

Mama yangu alipokuja kututembelea alinicheka, "Mimi nimezaliwa Pwani, joto ndiyo kwetu." Nikamwambia mama, joto la Mombasa linakutoa jasho unajua umetoka jasho. Hili jasho linakauka kabla hujaliona. Unasikia kichwa kizito, unafikiri usingizi, kumbe maji yameisha mwilini. Na wazee wetu wanaotumia vidonge vya presha vya kukojoza ndio wa kwanza kuanguka.

Simu iwe mfukoni hata ukitoka kumwaga taka. Si mezani.

---

MsemaKweliDaima

Mzee wangu Ngamiani, samahani, lakini jua la Tanga lina kosa gani? Unalipa dola 410 za umeme ukimbie jua ulilolihamia. Si urudi Raskazone ule samaki?

---

Babu_Ngamiani

😂 Umenigusa penyewe.

Nimelipiga hesabu hilo mara nyingi usiku. Pensheni ya Social Security inanifuata popote kwa sababu ni raia. (Mwenye kadi ya kijani aangalie sana: ukikaa nje miezi sita mfululizo malipo yanaweza kusimama, kutegemea uraia wako na miaka uliyofanya kazi, na kadi yenyewe nayo inaweza kuhojiwa.) Lakini Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali, haivuki bahari. Nimeikatwa kwenye mshahara miaka yote ile, na siku nikipanda ndege kuhamia Tanga naiacha uwanjani. Nina betri ya moyo kifuani inayopimwa kila baada ya miezi kadhaa. Watoto wako Minneapolis na Dallas. Nikiugua Tanga watakuja baada ya siku mbili, na tiketi moja ni pensheni ya mwezi mzima.

Kwa hiyo nipo huku kwa sababu ya moyo, kwa maana zote mbili. Samaki nawakumbuka kila siku.

Kidogo kinachonifariji ni saa. Arizona haibadilishi saa kama majimbo mengine (isipokuwa eneo la Wanavajo), kwa hiyo mwaka mzima tuko nyuma ya nyumbani saa kumi kamili. Nikimaliza kuswali alfajiri, saa kumi na mbili, Tanga ni saa kumi jioni, dada yangu yuko barazani. Tunaongea mpaka chai inapoa.

---

Mkulima_Kitale

Babu na je, nusu kwa nusu? Nilikuwa nawaza baridi niwe Phoenix, kiangazi chao niwe Kitale. Hiyo imekaaje?

---

Babu_Ngamiani

Mkuu, hiyo ndiyo akili. Wenyeji wana wageni wao wanaowaita ndege wa theluji, wanatua Oktoba wanaruka Aprili. Wewe utakuwa ndege wa aina nyingine. Phoenix inapoungua, Juni mpaka Agosti, ndiyo kipupwe kwetu na ndiyo Kitale unalala na blanketi mbili. Mungu kakupangia ratiba.

Ila nyumba haipendi kuachwa. Usizime AC kabisa, iache kwenye nyuzi 29 au 30, la sivyo milango inapinda na friji inahangaika. Maji ya vyoo yanakauka kwenye bomba, harufu inapanda na wadudu wanapanda nayo. Mpe mtu ufunguo apite kila wiki, avute vyoo maji. Rafiki yangu alirudi Septemba akakuta nge watatu kwenye beseni. Hawa wa huku wanapanda ukuta. Wana jambo moja la ajabu, ukiwamulika na tochi ya mwanga wa urujuanimno wanang'aa kijani kama mapambo ya harusi. Bibi yenu kila Alhamisi usiku anazunguka ua na tochi yake na ndara. Na viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, hiyo si kwa Phoenix tu.

Bima ya ugonjwa wa Kitale utajinunulia mwenyewe, kwa sababu niliyomwambia MsemaKweli.

---

Mwana_Uvira

Bandugu, mimi niko Tucson, tulifika hapa mu 2015 kutoka kambi ya Nyarugusu. Ninyi munasema juu ya kuhamia huku kwa kupenda. Bazee betu baliletwa. Joto haiko shida yao sana, shida ni kukaa peke yao mu nyumba. Batoto banaenda kazi, mama hajue kuendesha motoka, hajue Kingereza, kisimamio cha bisi iko mbali na jua inapiga. Kuanzia asubui mpaka mangaribi anaangalia ukuta.

Na ingine: kwa refugié muzee anayekula SSI (feza ya serikali ya kusaidia bazee benye hawana kitu), kama hajapata uraia mu miaka saba, ile feza inakatika. Bengine banafikiri iko ya milele. Mwanzeni masomo ya uraia mapema, usingoje mwaka wa sita.

Lakini kuna kitu kizuri. Lengalenga inaota huku kama kwetu! Joto inaipenda. Mama yangu alipata kipande cha shamba, analima lengalenga na bamia na kunde, anaenda saa kumi na moja asubui, saa mbili amerudi. Tangu alianza kulima hakulia tena. Tucson pia iko juu kidogo kuliko Phoenix, joto inapungua nyuzi mbili tatu.

---

Babu_Ngamiani

Mdogo wangu wa Uvira, ulichosema kina uzito kuliko bandiko langu zima. Lengalenga ndiyo mchicha kwa sisi wa Tanga, na ni kweli, Agosti kila kitu kinakufa bustanini isipokuwa yeye.

---

Maskati_Mjini

Assalaam alaykum. Mie Mzanzibari wa Maskati, nasoma nacheka. Mwaka 2018 kuna siku hapa Quriyat usiku na mchana kipimo hakikushuka chini ya 42.6, tena na unyevu wa bahari juu yake. Tumeishi. Lakini Oman watu hawashindani na jua. Juni mpaka Agosti kazi za nje zimepigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Mji unalala, unaamka jioni. Wamarekani waliojenga mji wao kama hakuna jua ndio wenye matatizo. Hebu niambie, maji ya mji mkubwa hivyo jangwani yanatoka wapi? Sisi tunachuja bahari, nyie bahari hamna.

---

Babu_Ngamiani

Waalaykum salaam sheikh. Mvua yetu ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Maji yanatoka mito ya Salt na Verde, kwenye mabwawa ya tangu 1911, na Mto Colorado kwa mfereji wa kilomita 541 unaokatiza jangwa. Colorado ndio unaoumwa. Mwaka 2022 Arizona ilikatiwa mgawo wake kwa mara ya kwanza, wakulima ndio waliobeba mzigo. Juni 2023 jimbo likasema vitongoji vipya vinavyotegemea maji ya chini ya ardhi tu kuzunguka Phoenix havitaidhinishwa.

Kwa mnunuzi: nyumba iwe kwenye bomba la mji. Rio Verde Foothills, pembeni ya Scottsdale, watu walinunua majumba ya fahari yanayoletewa maji kwa boza. Januari 2023 mji ukasimamisha boza kuchota kwake. Watu wa mamilioni wakawa wanakinga maji ya mvua kwa ndoo. Nilimwonyesha bibi yenu kwenye habari, akasema "Karibuni duniani."

Na kwa kuwa umetaja Uarabu: dhoruba zetu za vumbi hata Wazungu wa huku wanaziita kwa jina la Kiarabu, haboob. Zinakuja na msimu wa mvua, Juni hadi Septemba. Ukuta wa kahawia unatembea. Ukiwa barabarani toka nje kabisa ya lami, zima taa ZOTE, ondoa mguu kwenye breki. Ukiacha taa, wa nyuma anadhani bado unaenda, anakufuata mpaka mgongoni.

---

MamaKijenge

Kaka, mrejesho. Tumeongea na mzee wangu siku mbili. Sun City tumeiacha. Mjukuu anabaki na sisi. Tumekata tiketi, tunatua tarehe 8 Julai, wiki mbili kama ulivyosema, tumepata chumba Glendale. Mzee ana Medicare ya mpango wa huku Minnesota, tukihamia inakuwaje?

---

Babu_Ngamiani

Mpango wa namna hiyo unaishi na hospitali za eneo lake, kwa hiyo atabadilisha. Mkihama jimbo anapewa muda maalumu wa kuchagua mpya, asiuache upite. Na kabla hajachagua, atafute daktari kwanza, ndipo aulize daktari huyo anapokea mpango gani. Wengi wanafanya kinyume.

Nitawapokea uwanjani. Mjukuu mnunulie viatu vya soli nene. Nyote njooni na sweta, dada, usinicheke: madukani na hospitalini wanapuliza AC mpaka unadhani umeshukia Lushoto.